Kinywa cha Mtihani

Konde, mwezi kumi Rajabu, 1379

Kwa mjukuu wangu Shaame,

Assalaam alaikum. Nna miaka sabiini na minane. Nimezika wake watatu na rika langu lote. Nimeipita ndui, nimeipita na ile homa iliyokuja baada ya vita vya Mjerumani, watu wakawa wanazikwa kwa mafungu. Masultani wamekwenda mmoja baada ya mmoja nawatizama. Mikarafuu niliyoipanda kwa mkono wangu imeshazeeka imekufa, miye nipo. Jengine nililolipita ni meno yangu. La mwisho, gego la kushoto, limetoka juzi kwa kipande cha muhogo wa kuchemsha, tena uliowiva. Nimelifukia nyuma ya choo, yakaisha.

Nakuandikia mwenyewe. Mama yako Mwatima alikuja kutoka Wete akataka anishikie kalamu, nkamwambia mkono nnao. Andiko langu ni la chuoni, la herufi za Kiarabu, halikwenda skuli, basi soma polepole, na pale usipopafahamu rudia.

Wamenitoa mihrabuni.

Weye wajua nani anayesalisha msikiti wetu wa gengeni. Ni miye, tangu mama yako hajazaliwa. Hata mvua ikinyesha mpaka njia ikawa mto, mlango naufungua miye. Basi asubuhi moja nimesalisha alfajiri, nimetoa salamu, nageuka niombe dua, namuona Thabit bin Sheha hakuinua mikono. Thabit wamkumbuka, yule mwenye duka la vitambaa na kabati zima la vitabu vya sheria. Nkamuuliza, "Vipi, mikono yakuuma?"

Akasema, "Ami, usinikasirikie. Ile dhali ya alladhina haikutokei tena. Yatoka zee. Na dhwadi yatoka dali. Fatiha ikivunjika herufi, sisi tulio nyuma yako..."

Nkamwambia, "Imalize."

"Sisi tulio nyuma yako sala zetu hazisihi."

Nkawatizama wengine. Kila mmoja anatizama mkeka utadhani kaangusha pesa. Mmoja wao, simtaji jina, harusi yake nimemuozesha miye, akakohoa. Nkajua wameshazungumza.

Tangu siku ile Thabit ndiye asalishaye. Kijana wa miaka khamsini. Miye nasali safu ya pili, nguzoni, kama mgeni aliyeteremka garini akakuta sala ya jamaa inaanza.

Sasa nisikilize. Dhali haijanipotea. Ulimi wangu waijua. Haina pa kugonga tu. Dhali yataka meno ya mbele na dhwadi yataka magego, na weye umekwenda Unguja kujifunza kutengeza meno. Basi nitengezee. Mwatima kanambia mna mtihani mwezi wa tatu wa Kizungu, na kila fundi atakiwa alete mtu asiye na jino hata moja. Usihangaike kutafuta. Pemba nzima huoni kinywa kitupu kama changu ambacho mwenyewe bado ana nguvu za kupanda meli.

Ni miye babu yako,
Kificho bin Ngwali


Unguja, 19 Januari 1960

Babu yangu mpenzi,

Shikamoo. Waraka wako umefika, nimeusoma mara mbili. Mara ya pili Ame, mwenzangu tunayesoma naye, alinisaidia kwenye herufi. Alipofika pale pa mkeka na pesa alicheka, kisha akaona sicheki.

Nimesikitika, babu. Sikujua. Mama hakuniandikia.

Nikueleze mtihani ulivyo, ili usije ukadhani ni wa kuandika. Ni wa mikono. Kwanza nachukua kipimo cha ufizi kwa plasta laini, inaganda humo humo kinywani. Kutoka hapo natengeneza sura ya kinywa chako, napanga meno moja moja kwenye nta, kisha napika ule ufizi wa bandia wa rangi ya waridi na kuusugua mpaka ung'are. Yote hayo mtahini amesimama nyuma yangu. Siku ya mwisho meno yanatiwa kinywani, na mwenye kinywa anakula mkate mbele yake. Yakimchomoka, au yakiuma upande mmoja kuliko mwengine, nimeshindwa.

Mtahini huyo ni Mzungu, anatoka bara, anakuja kila baada ya miaka miwili. Nikishindwa nitabaki kuosha bakuli za plasta mpaka arudi. Na fundi asiye na cheti haruhusiwi kumtia mtu meno. Kwa hiyo babu, cheti changu na meno yako ni kitu kimoja.

Tatizo ni kwamba siku hizo ni za Ramadhani. Nimeomba tubadilishiwe, wamekataa. Nikamuuliza mkubwa mwengine, akanambia nisirudie kuuliza. Lakini utakuwa musafiri, na musafiri ana ruhusa ya kula, atalipa baadaye. Mkate wenyewe ni kipande tu.

Naomba uniahidi kabla hujaja kwamba utafanya utakaloambiwa. Usinione nimekosa adabu. Nakumbuka ulivyomwambia daktari wa Wete akikate kidole chako cha mguu pale unapotaka weye, si pale palipooza.

Mjukuu wako,
Shaame


Konde, mwezi pili Shaabani, 1379

Shaame,

Waraka umefika. Kidole kile nilikuwa na haki, na kiatu kinanikaa mpaka leo.

Vya kinywani vyote ntatii. Ukisema fungua, ntafungua. Ukisema funga, ntafunga, ingawa hilo Mwatima atakwambia halijatokea. Plasta itie, siogopi udongo, ntakwenda kuulalia. Lakini mkate sili.

Mjukuu wangu, miye sijala mchana wa Ramadhani tangu nilipobalehe. Mwaka wa ile homa nilikuwa kitandani, wamekuja kunisomea Yasini, nkawaambia wangoje magharibi nifuturu kwanza ndio wasome. Mwaka wa uchumaji mkubwa nilikuwa juu ya mkarafuu na saumu yangu, jua la saa nane, vijana wanashuka kunywa maji miye nawaimbia.

Ruhusa ya musafiri naijua kabla baba yako hajakatwa kitovu. Ruhusa ni ya anayeihitaji. Hebu fikiri kwa kichwa chako kilichokwenda skuli. Wamenitoa mbele kwa sababu sala zao zavunjika nyuma yangu. Sasa niende Unguja, nile boflo mchana kweupe mbele ya Mzungu, kisha nirudi Konde niseme nipisheni? Watasema kayanunua meno kwa saumu. Tena watasema kweli. Nkiula mkate ule nimepata meno nimekosa pa kuyatumia.

Usiniambie hakuna atakayejua. Konde yajua yaliyo chunguni kabla hakijatelekwa.

Nimemuuliza mwenye elimu. Jawabu yake haikunipendeza, na mwenyewe pia.

Basi ntakuja, na mtahini wako atapata anachokitaka kwa njia nyengine. Njia hiyo siijui bado. Ntaijua nkikaa kwenye kiti.

Babu yako,
Kificho bin Ngwali


Unguja, 8 Februari 1960

Babu yangu,

Shikamoo. Nakuomba usije.

Nimempata Bi Kazija, anauza maandazi karibu na ninapokaa. Hana jino hata moja, na daktari amemkataza kufunga kwa sababu ya maradhi ya sukari, kwa hiyo mkate atakula bila dhambi na bila maneno. Ameshakubali, na jina lake nimelipeleka.

Baada ya Idi, cheti kikiwa mkononi, njoo kwa raha zako. Nitakutengenezea meno ambayo hata Sultani hana. Ngoja kidogo tu. Kwa hisani yako, babu, mara moja hii tu katika umri wako, ngoja.

Mjukuu wako,
Shaame


Konde, 17 Shaabani 1379

Kwa mwanangu Shaame, aliye Unguja,

Assalaam alaikum warahmatullah. Mimi ni Thabit bin Sheha. Utashangaa kupata waraka wangu, na huenda babu yako ameshakutajia jina langu kwa namna ambayo singependa kuisikia.

Waraka wako wa kumzuia umefika. Najua kwa sababu aliuleta dukani kwangu, akauweka juu ya kitambaa nilichokuwa nampimia mteja, akasema, "Soma. Mjukuu wangu kanibadilisha na muuza maandazi." Nikamwambia, "Ami, kijana kakuonea huruma." Akasema huruma awape kuku. Kisha akafunga mkoba wake hapo hapo mbele ya mteja, kanzu mbili na kopo la tambuu, akaenda kupanda gari la Wete. Ukipata waraka huu huenda keshakufikia. Kama hajafika, mtizamie bandarini.

Lakini nilichokusudia kukueleza ni hiki. Mwanzo wa mwezi huu alinijia nyumbani baada ya isha. Tangu nilipoanza kusalisha hakuwa amenisemesha ila kwa salamu. Akakaa, akakataa kahawa, akaniuliza hukumu ya musafiri anayehitaji kula mchana wa Ramadhani kwa jambo lenye manufaa kwa Muislamu mwengine. Nikamfungulia kitabu, nikamwambia ana ruhusa na hana lawama, na mtu wa Konde akimsema mimi nitasimama nimsemee.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kama ungekuwa umenambia hairuhusiwi, ningekula." Akaondoka.

Mwanangu, mimi mihrabu sikuitaka. Walinisukuma, na masala ya sheria ni masala, herufi ni herufi. Lakini kila nikisoma Fatiha namsikia nguzoni anasoma yake kwa pumzi, inavunjika palepale, anairudia, inavunjika, anairudia. Tunamaliza rakaa yeye hajatoka kwenye alladhina. Mtengenezee meno ukiweza. Lakini kwa mtihani wako mchukue yule bibi. Babu yako atakuangusha.

Thabit bin Sheha


Unguja, 17 Machi 1960
Kwa anwani ya Bi Mwatima, Wete

Babu yangu,

Shikamoo, na saumu njema. Matokeo yamebandikwa leo. Nimefaulu. Ame pia. Jina langu limeandikwa kwa wino mweusi na pembeni mtahini ameandika maneno kwa mkono wake, sikuyatarajia: kwamba katika mitihani yake yote hajawahi kupokea kielelezo cha namna ile.

Sikukutaka kwenye kiti kile, nawe wajua. Asubuhi ile nilipoingia nikakukuta umekaa, na Bi Kazija amesimama mlangoni anakulaani, nilitamani paa linishukie. Sasa nasema alhamdulillahi.

Babu, nijibu jambo moja kwa kweli. Yanakuuma? Meno mapya huchubua ufizi, hasa chini, ndani, upande wa kulia. Si aibu wala si udhaifu, ni kazi yangu ambayo haijakwisha. Ulipoondoka uliyavaa mpaka ndani ya meli na hukutaka kuyavua. Ukiona kidonda, yavue usiku uyatie kwenye maji, na baada ya Idi njoo niyapunguze. Usijaribu kuyapunguza mwenyewe. Nakujua. Usitumie tupa.

Nimemwandikia na mama aniambie unakula nini.

Fundi wako mwenye cheti,
Shaame


Konde, 21 Ramadhani 1379

Kwa ami yangu Mzee Kificho, kwa mkono wa dereva wa gari, Wete

Assalaam alaikum.

Nakuandikia kwa uzito. Mabruki, huyu wa duka la mafuta ya taa, amerudi kutoka Unguja alikokwenda kutibiwa macho. Jana baada ya tarawehe alisema barazani kwamba alipita nyuma ya jengo la hospitali, mchana, kabla ya adhuhuri, akakuona dirishani umekaa kitini, Mzungu amesimama mbele yako, na wewe unatafuna. Hakusema amesikia. Amesema ameona taya zako zinakwenda.

Nikamwambia mzee ni musafiri, ana ruhusa. Wakasema kama ni ruhusa mbona aliapa hapa hapa barazani kwamba hatoichukua? Ikawa si suala la saumu tena, imekuwa suala la ukweli wako. Wengine walikuwa wanangoja urudi na meno wakurudishe mbele, na mimi ni wa kwanza wao. Sasa wanasema mtu aliyewadanganya hawamsali nyuma hata akiwa na meno mara mbili.

Ami, kama ulikula niandikie nimekula. Nitasimama nikusemee, na jambo litakwisha. Watu husamehe ruhusa.

Thabit bin Sheha


Wete, mwezi ishirini na tatu Ramadhani, 1379

Kwa Thabit bin Sheha, na uwasomee wote barazani, na Mabruki umkalishe mbele,

Waalaika ssalaam.

Sikula. Ruhusa yako nimekuachia kabatini pamoja na vitabu vyako, na huko nyuma nilikwambia nini? Sasa tulia nikueleze, na usiruke mstari hata mmoja kwa kunionea huruma.

Nimefika Unguja nimekaa kwa mjukuu wangu, Ramadhani ikatukuta hapo. Siku ya mtihani niliondoka baada ya alfajiri, nkamtangulia yule muuza maandazi, nkakaa kwenye kiti. Kiti cha chuma, kinapanda na kushuka. Shaame akaniambia, "Babu, inuka." Nkamwambia, "Jino langu la mwisho nimelizika kwa ajili ya kiti hiki." Bi Kazija akasema maneno ambayo siyaandiki mwezi mtukufu. Mtahini akaingia, akanitizama kinywani kwa kioo cha mkono, akasema kinywa hiki kinafaa. Ikawa basi, jina likabadilishwa.

Plasta wakanitia, sikumeza kitu, mate yangu mwenyewe niliyatema. Kazi ilichukua siku kadhaa, yule kijana kainamia meza mpaka nkamuonea huruma shingo. Anakaa na jino moja la mbele kwenye nta, analisogeza kwa ncha ya kisu, anarudi nyuma, analisogeza tena. Nkamwambia, "Ni jino hilo, si harusi." Akanambia, "Babu, hili ndilo la dhali." Nkanyamaza. Mnaonijua mjue uzito wa hilo.

Ikafika siku ya mwisho. Meno yakatiwa. Baridi, makubwa, kinywa kimejaa kama nimehamiwa na mpangaji. Mtahini akaweka sahani, ina kipande cha boflo, kimepakwa siagi. Hapo kuna karani mkalimani, jina lake Jecha, mtu wa Kisiwa Panza. Jecha akaniambia, "Mzee, kula."

Nkasema, "Mwambie nimefunga."

Akamwambia. Mzungu akasema maneno marefu, kwa adabu, sauti hakuinyanyua. Jecha akasema, "Anaiheshimu dini yako. Lakini asipokuona unatafuna hawezi kumpa kijana alama. Sheria si yake."

Shaame alikuwa amesimama ukutani, mikono nyuma, uso umemgeuka rangi ya ile plasta. Hakunisihi. Angenisihi ningekasirika, na nkikasirika sifikiri. Alinitizama tu.

Nkamuuliza Jecha, "Ataka nitafune au ataka nile?"

"Mzee, si ndio hayo hayo?"

"Si hayo. Muulize."

Akamuuliza. Mzungu akakuna shavu, akafikiri, akasema anataka kuona kutafuna.

Basi Thabit, asubuhi ile nilipita Darajani nkajinunulia makubadhi ya Idi. Mapya, ya ngozi, hayajagusa chini, yamefungwa gazeti, nnayo chini ya kiti. Nkainama nkatoa kiatu kimoja. Jecha akasema, "Mzee, wataka kuondoka?" Nkautia ukanda wake magegoni nkatafuna. Kulia nkatafuna, kushoto nkatafuna. Koo nimelifunga, mate nayatema kwenye leso. Bi Kazija, aliyerudi siku ile kunitizama nkishindwa, kule mlangoni akasema, "Huyu mzee kapanda wazimu." Shaame akafumba macho.

Mzungu hakucheka. Hilo namwekea. Alingoja mpaka nilipotosheka, akauchukua ule ukanda, akaupeleka dirishani kwenye mwanga akaugeuza huku na huku. Alama za kushoto zimezama ndani, za kulia zimegusa juu juu. Akamwita Shaame akamuonesha. Wakazungumza. Jecha akanifasiria: kushoto kuko juu kuliko kulia, unene wa punje ya mchele tu, lakini kwa mkate lisingeonekana, mkate hauweki alama. Ningekwenda nalo nyumbani, na ufizi ungenivimba baada ya mwezi. Mtahini akampa mjukuu wangu nafasi moja ya kurekebisha.

Nisikieni nyote hapo barazani. Kama ningekula ule mkate kwa ruhusa yenu, yangepita meno mabovu. Miye sisemi nilijua. Nasema nilikataa, na kukataa kwangu kumefaa.

Shaame akayatoa, akayasaga kwa kigurudumu kinacholia kama nyuki, akayatia tena. Nkatafuna ukanda wa kiatu cha pili. Safari hii nilisogezwa palepale dirishani ili mtahini aone vizuri, na hapo ndipo Mabruki alipopita na macho yake mabovu. Taya zilikuwa zinakwenda, kweli. Hakusema uongo. Kasema nusu.

Pande zote zikawa sawasawa.

Kisha mtahini akasema niseme maneno, asikie kama meno yamekaa. Jecha akaniambia sema chochote, hesabu moja mpaka kumi. Nkasema, hesabu atahesabu yeye. Nkasoma Fatiha. Nkaanza kwa kasi kama ninavyosoma nguzoni, nipite haraka pale pabaya. Nkafika alladhina. Ulimi ukapanda, ukakuta kitu, na dhali ikatoka, nzima, kama nilivyoitoa mbele ya mwalimu wangu nilipokuwa sijaota ndevu. Nkakwama hapo. Si kwa kukosa herufi. Jecha akadhani nimesahau, akanitajia neno linalofuata. Nkamwambia nalijua. Nkaendelea, na dhwadi mbili zile zikatoka zote, na Jecha akasema amin, na Shaame akatoka nje akakaa huko muda kidogo.

Sasa kuhusu mnayoyasema. Siandiki "nimekula" ili mnisamehe. Msamaha wa kitu nisichokifanya sina pa kuuweka. Wala siombi nirudishwe mbele. Mwatima hapa anasema meno yananiuma, na kwamba nanywa uji tangu nilipofika. Nanywa uji kwa kuupenda. Meno hayaniumi, na yakiniuma ni yangu.

Naja Konde kabla ya Idi. Ntasali safu ya pili, nguzoni, pale mliponieka, na weye Thabit ntakukalia karibu kabla ya sala na kukusomea Fatiha sikioni, polepole. Ukisikia herufi imevunjika, simama usalishe, na miye ntasali nyuma yako mpaka mnizike. Ukisikia zimetoka zote, weye ni mtu wa vitabu, wajua la kufanya, na hutongoja niseme.

Wa kunishuhudia wapo. Yupo Jecha karani wa Kisiwa Panza, hana jamaa Konde wala haja na miye. Yupo Bi Kazija muuza maandazi, ananichukia kwa kiti chake, basi hatonipendelea, muandikieni. Yupo mtahini mwenyewe, maneno yake kayaandika pembeni ya jina la Shaame. Na kama hao wako mbali, shahidi wa karibu ni Mabruki, si hapo mbele yako? Makubadhi ntakuja nayo nimpe ayashike. Atizame kanda zote mbili kwa macho yaliyotibiwa, kisha muulize ni boflo gani aliyoiona Unguja inauzwa kwa jozi.

Ni miye,
Kificho bin Ngwali, wa Konde